Yaka Tofanda

Kila Alhamisi saa kumi alasiri mji mzima wa Baraka ulikuwa unacheka kwa sababu ya Willy. Wenye kutwanga sombe, yale majani ya mihogo, waliweka mchi pembeni, wenye pikipiki waliegesha mbele ya duka lenye redio kubwa, na pale bandarini wapakuzi waliacha gunia nusu ndani ya boti na nusu nje. Kipindi chake kiliitwa Neno na Mama Yake. Willy alikamata neno la mitaani na kulihoji kama mtoto aliyepotea sokoni: mama yako nani, ulizaliwa wapi, ulifika hapa na nani? Alikuwa na kipaji, hilo hatumnyimi. Tatizo ni kwamba alikijua mno. Akishasikia watu wanacheka, hakukuwa na breki tena.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Hawakusema kichwa cha nani.

Willy alikuwa na dada mmoja tu, Adolphine, ambaye yeye alimwita yaya, kwa kuwa ndiye aliyemlea. Baba na mama yao walifariki wao wakiwa wadogo. Adolphine aliacha shule akaanza kuanika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, ili Willy amalize masomo. Kila neno zuri lililotoka redioni lilikuwa limepitia kwenye mikono ya Adolphine yenye harufu ya samaki. Willy alilisema hilo hadharani mara nyingi, na kwa fahari.

Huyu Adolphine alikuwa anaishi mtaa wa Kalundja na Fabien, fundi wa mashine za boti, mtu wa kijiji cha Swima. Mwaka wa kumi na moja sasa. Fabien hakuwa mtu mbaya. Alipokutana na Adolphine alikuwa ametoka Lulimba, kwenye machimbo ya dhahabu, na shimo halikumpa kitu zaidi ya kikohozi. Ukoo wake ukamwambia angoje, kaka yake mkubwa aoe kwanza. Kaka akaoa. Halafu vita, halafu mafuriko, halafu hili na lile. Mahari haikutolewa. Wakakaa hivyo hivyo, wakapendana hivyo hivyo, wakazaa mtoto mmoja, Merveille.

Merveille alikufa kwa surua akiwa na miaka minne, siku alizokwenda kumtembelea bibi yake Swima. Akazikwa kule, nyuma ya nyumba ya bibi, kwenye makaburi ya ukoo wa Fabien. Adolphine hakupata mtoto mwingine. Na mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba, akawa hawezi kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kukaa njiani. Daktari akasema moyo umekuwa mkubwa kuliko nafasi yake. Akampa vidonge, akamwambia apumzike, na alipomtazama Fabien hakuongeza kitu.

Adolphine akaelewa. Yeye hakulia. Aliomba kitu kimoja tu: alale karibu na mtoto wake. Lakini mila za kule kila mtu anazijua. Mwanamke asiyetolewa mahari hazikwi kwa bwana, hata wangeishi miaka arobaini. Maiti yake ni ya baba zake. Kwa hiyo ili Adolphine alale Swima, ilibidi kwanza aolewe, na aolewe haraka.

Fabien akapiga magoti mbele ya wajomba zake. Safari hii walikubali. Mbuzi wakapatikana. Ikapangwa Jumamosi ukoo wa Swima ushuke Baraka, na baba mdogo Eddy, mkubwa pekee aliyebaki upande wa Adolphine, atelemke kutoka Fizi kuwapokea. Adolphine akashonewa kitenge cha bluu. Akawa anakigusa tu pale kitandani, hajakivaa.

Jumamosi hiyo ilikuwa bado siku mbili Willy alipoingia studio na karatasi yake. Neno la wiki halikuwa moja. Wasikilizaji walikuwa wameomba majina yote ya mapenzi yasiyo na pete wala mbuzi.

Alianza na deuxième bureau, yaani ofisi ya pili. "Bwana anachelewa kurudi," Willy alisema, "bibi anauliza, anajibiwa kazi ni nyingi ku biro. Kumbe haongopi. Iko na biro ya pili, na ndani ya ile biro meza iko na godoro." Mji ukacheka. Akaja kwenye hawara, nyumba ndogo na mchepuko. Hayo, alieleza, yalivuka ziwa pamoja na waliorudi kutoka kambi za Tanzania. Walishuka na mahema, na masufuria, na maneno, na forodhani hakuna aliyeyafungua yale maneno kuyakagua. Mchepuko ni mtu aliyeacha barabara akashika kijia. Mama Georgette, muuza ndakala wa bandarini, akapiga simu akasema bwana yake alishika kijia tangu uchaguzi ule wa kwanza, na kijia hakijamrudisha mpaka sasa. Akaja kwenye bibi wa karière, mke wa machimboni, ambaye ni mke shimo likitoa. Shimo likikauka bwana anabeba karai lake, mke anaachiwa turubai.

Halafu akafika kwenye yaka tofanda.

"Ile ni Kilingala," alisema. "Yaka, kuja. Tofanda, tukae. Ilifika huku na maaskari na nyimbo. Kuja tukae. Haisemi tukae mpaka lini. Haisemi kwa ruhusa ya nani. Tukae tu."

Hapo angenyamaza. Simu zilikuwa zinalia, fundi mitambo upande wa pili wa kioo alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka, na muda ulikuwa umebaki dakika nne. Willy akataka kuzijaza.

"Naijua moja," akasema. "Haiko mbali. Bwana alikuja na sakoshi moja ya nguo, akasema nakaa siku mbili. Iko mwaka wa kumi na moja. Muda huo wote, ukoo wake umeletea bakwe kitu kimoja tu. Jogoo. Na ule jogoo alikuwa na jicho moja."

Baraka yote ikacheka bila kujua inamcheka nani. Ilikuwa kweli lakini. Mwaka Merveille alipozaliwa, mjomba mkubwa wa Fabien, mzee Bertin, alikuja kumwona mtoto, akaleta jogoo, na jogoo alikuwa na jicho moja kwa sababu wakati ule ukoo ule ulikuwa umeporwa mifugo yote na huyo ndiye aliyebaki. Alimbeba njia nzima chini ya kwapa. Willy alimla, mchuzi wake akausifu. Angeapa hakukusudia ubaya, na wala hakukusudia. Jogoo alikuja tu mdomoni kwa sababu anachekesha.

Siku hewa ikiwa safi, redio ile inafika mpaka Swima. Alhamisi ile hewa ilikuwa safi.

Ijumaa asubuhi Fabien alikuja nyumbani kwa Willy na simu mkononi. Hakukaa.

"Mjomba amesikia," alisema. "Bantu ba Swima habakuje kesho."

"Shemeki, sikutaja jina."

"Ulitaja jogoo."

Willy akaenda Kalundja kwa miguu, akiwa anapanga maneno njiani. Alikuwa na maneno mengi. Alipoingia akamkuta Adolphine ameegemezwa kwenye mito mitatu, kitenge kiko magotini, na yale maneno yote yakamkimbia.

"Yaya, unisamehe."

"Nilisikiliza," Adolphine alisema. Alikuwa anavuta pumzi kati ya neno na neno. "Ulieleza muzuri. Mi mwenyewe nilicheka, mpaka ulipofika kwa jogoo. Lakini Willy, yale maneno yote iko ya bibi. Biro, kijia, turubai. Bwana hana jina lake?"

Miaka sita ya kipindi, na hilo Willy hakuwahi kulifikiria hata mara moja.

"Mi sikufanda," dada yake akaendelea. "Mi nilipika, nilifua, nilizika mutoto. Sasa nani atamweleza Merveille kwa nini sikuje?"

Willy akalia mbele yake kama alivyokuwa akilia zamani akinyimwa daftari. Naye, mgonjwa, ndiye aliyembembeleza. Halafu akamwita Fabien, akamwambia kitu ambacho kilikuja kuwagharimu wote. Alimwambia baba mdogo Eddy asiambiwe habari za redio, kwa kuwa Eddy ni mtu mkali na angemfukuza Willy kwenye ukoo. "Musimupatishe Willy haya," alisema. Fabien akaahidi.

Jumamosi, wakati baba mdogo Eddy anatelemka kutoka Fizi na koti lake la sherehe, Willy na Fabien walikuwa kwenye pikipiki, wamefunga mbuzi mweupe nyuma, wanapanda barabara ya kaskazini, ziwa likiwa mkono wa kulia. Walipita Mboko, wakafika Swima jua likiwa juu. Wazee walikuwa wameshakaa kwenye lubunga, ile baraza ya wanaume yenye moto katikati, wanawangoja. Walijua kwamba Willy atakuja.

Willy akapiga magoti, akatubu. Alitubu vizuri, maskini, hata mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee Bertin alimwacha amalize.

"Ule jogoo," mzee akasema polepole, "watoto yangu balikuwa banakula mihogo bila chumvi. Nilibeba jogoo. We ulikula."

"Nilikula, mjomba."

"Tunapokea mbuzi. Tunakusamehe. Lakini neno ulitupa mbele ya bantu. Utaliokota mbele ya bantu. Siku ile ile, saa ile ile, bale bale balicheka basikie. Ukiliokota, kesho yake tunakuja Baraka kuoa. Ndiyo desturi yetu, na hata baba yako aliijua."

Fabien akajaribu kueleza kwamba mgonjwa hana siku nyingi. Mzee Bertin akasema anajua, na Alhamisi si mbali. Kwa kweli haikuwa mbali. Siku tano tu.

Waliporudi Baraka jioni, baba mdogo Eddy alikuwa bado amekaa kati ya viti vilivyooshwa na sufuria zilizopoa. Kwa kipara chake na koti lile zito alikuwa ametoka jasho tangu saa nne. Aliuliza kulikoni. Fabien akamwangalia Willy, na Willy akasema ukoo wa Swima umepata msiba wa ghafla, wameomba wiki moja. Alisema vizuri, kama anavyosema kila kitu. Eddy akaguna, akavua koti, akasema watu wa Swima amewajua tangu zamani.

Jumatano alfajiri Adolphine alimwomba Fabien maji. Fabien alipogeuka na kikombe, Adolphine alikuwa ameshakwenda.

Tuseme ukweli wote. Willy alipopata habari alikaa chini kwenye vumbi mbele ya mlango wake na akajipiga kichwa na viganja mpaka jirani akamshika mikono. Alikuwa anapiga hesabu ya saa zilizobaki hadi Alhamisi saa kumi. Thelathini na tano. Kwa saa thelathini na tano.

Lakini kule Swima mzee Bertin alipopigiwa simu alilia. Akamwambia Fabien, "Neno litangojea, mwili haungojei. Mulete bibi yetu." Alisema bibi yetu, yaani mke wetu, na Fabien akairudia kauli hiyo kwa kila aliyemkuta, akishika watu mikono. Jioni ile ile vijana wa Swima wakachimba kaburi pembeni ya kaburi la Merveille. Usafiri wa kubebea maiti ukakodiwa. Alhamisi asubuhi mbuzi wakashushwa kwenye uwanja wa matanga Kalundja, wote waliokuwa wamepangwa siku ile, na vitenge juu, ili mahari itolewe kabla ya maziko.

Baba mdogo Eddy akawatazama wale mbuzi.

"Jumamosi nilishuka toka Fizi na koti," alisema. "Tulipanga viti. Bamama balipika. Nani alikuja? Leo binti yetu amefunga macho, ndiyo mbuzi banapata miguu?"

"Baba mdogo," Fabien alisema, "ilikuwa na sababu."

"Sababu gani?"

Fabien alimgeukia Willy akamwangalia. Alikuwa amemwahidi marehemu, na isitoshe shemeki hamwaibishi kaka wa mke wake mbele ya jeneza, hata akiungua ndani. Hakumnyooshea kidole, hakumtaja. Alimwangalia tu.

Sentensi ilikuwa moja, na fupi. Baba mdogo, ni mimi. Willy alikuwa nayo mdomoni. Lakini pale alikuwepo mkurugenzi wa redio na fundi mitambo. Alikuwepo Mama Georgette na wenzake wote wa ndakala waliofunga kazi kwa ajili yake, wakimwita Willy mutoto wetu. Alikuwepo mchungaji. Watu mia mbili waliompenda. Alijiambia atasema macho yakipungua. Alijiambia atamvuta Eddy pembeni, nyuma ya nyumba. Aliona haya, ndiyo hivyo, na kwa saa ile haya yake ilikuwa na nguvu kuliko upendo wake. Kipaji chote kile, na sentensi moja ikamshinda.

"Hatuozi maiti," Eddy akasema. "Muondoe mbuzi zenu. Mutoto wetu analala kwetu."

Adolphine akazikwa Baraka saa nane, karibu na baba yake. Alivalishwa kile kitenge cha bluu. Fabien hakuitwa kutupa udongo wa kwanza, kwa sababu kwa hesabu za mila alikuwa mtu aliyekuja kuhani tu. Alisimama pamoja na majirani. Watu walipoanza kutawanyika alikuwa bado amesimama, kisha akapanda lile gari lililokuja kubeba maiti, akarudi nalo Swima tupu.

Saa kumi Willy aliingia studio na udongo wa kaburi kwenye viatu. Mkurugenzi alimwambia leo apumzike, waweke muziki wa maombolezo. Willy akakaa kwenye kiti chake akavaa visikizio.

"Leo haiko neno," alisema. "Wiki iliyopita niliwachekesha na bwana na bibi bamekaa miaka kumi na moja, na jogoo. Ule bibi ni yaya yangu Adolphine. Tumemuzika sasa hivi. Ule jogoo, muzee alimubeba kwa miguu wakati wa njaa, na mi nilimukula. Bantu ba Swima balikuwa na mbuzi tayari. Balikosa kuja Jumamosi juu ya mdomo yangu. Nilidanganya baba mdogo, nilisema iko msiba. Na leo asubuhi nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza. Yaya alitaka kulala na mutoto wake. Ni mi nimemukataza. Ninaokota neno langu."

Halafu akavua visikizio, maiki ikiwa bado wazi. Sokoni hakuna aliyecheka. Kule kwenye matanga redio ya jirani ilikuwa inasema, na baba mdogo Eddy alisikia yote akiwa kwenye mkeka. Aliinuka, akachukua koti lake, akaanza safari ya kurudi Fizi bila kuaga. Hajamsemesha Willy mpaka leo. Watu wengine walimsemesha, tena kwa huruma, wakisema angalau alikiri. Huruma hiyo ilikuwa inamchoma zaidi.

Jumamosi Willy alikwenda Swima peke yake. Hakujua anakwenda kufanya nini. Hakuna aliyemfukuza. Fabien alikuwa ziwani. Mzee Bertin alimpa mkono, akamwambia neno limepokelewa, walilisikia lote, desturi imetimia. Kisha akamwonyesha kwa kidevu njia ya nyuma ya nyumba.

Huko alimkuta mama yake Fabien, bibi Immaculée, ameinama na jembe dogo. Pembeni ya kaburi la Merveille, lile fupi alilolijua, kulikuwa na kaburi jipya. Refu, la mtu mzima, limefukiwa vizuri na kupigwapigwa juu.

Willy akasimama hapo bila kuelewa.

"Mama, nani alikufa?"

Bibi hakuacha kupalilia. Alieleza kwamba kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, maana kaburi wazi linaita mtu mwingine. Alhamisi ile gari liliporudi tupu, vijana walikata mgomba, wakaupima urefu wa mtu, wakaufunga ndani ya mkeka na kuuteremsha. Walikuwa wanafukia redio ikisema.

"Tulikuwa tumeshamwambia Merveille mama yake anakuja," bibi alisema. "Tukamupa mugomba."